Kofia Kaburini

Jirani yangu wa Mbulumbulu ni mwanamke mwenye ualbino, na siku yake huongozwa na kivuli. Hupalilia maharage alfajiri, kisha jua likipanda hukaa ubavuni mwa nyumba akipukuchua mahindi, akisogeza kigoda kila kivuli kinaposogea. Mikono ya shati lake humfika vidoleni, na kofia yake pana haimtoki kichwani. Wanaomletea mshubiri wa kupaka ngozini huwaambia kwa sauti ya chini, "Huo unapoza tu. Kinachozuia jua ni kivuli."

Tulipomzika baba yake, mchana wa jua kali, kaka yake Vedasto alimsogelea pale kaburini. "Vua hiyo kofia. Hapa si kwa watalii." Aliivua, akasimama kichwa wazi mpaka kaburi likafukiwa na mashada yakawekwa. Sisi majirani tulikuwa chini ya turubai, na hakuna aliyemwita. Jioni nilimkuta uso umeiva, malengelenge yameanza kumtoka. "Ungekataa, dada," nikamwambia.

"Ningekataa, wangesema sikumheshimu baba."

Alikuwa bado analia, na kila chozi lililoshuka lilimchoma shavuni.