Walivyonisubiri Nipande

Mvua za Machi zilipoanza mwaka ule, mdogo wangu alikuwa amekwisha kulima shamba lake na mbegu ziko ndani ya nyumba. Alichosubiri ni mimi. Kwetu hapa Suna, mkubwa hupanda kwanza, wadogo wakafuata. Mkubwa ni mimi.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la saba. Niliacha shule nikaenda Masara kuponda mawe ya dhahabu, ili mdogo wangu na dada yetu wale na wasome. Walikula, walisoma. Hilo silikani. Lakini kulikuwa na kitu nilichotaka kutoka kwao ambacho sikuwahi kukitaja, nao wakanipa bila kuambiwa: nilitaka nisijibiwe.

Nilikalia kiti cha baba. Kichwa cha samaki kilikuwa changu, na kibakuli cha chumvi kilikaa kando ya sahani yangu, nikijinyunyizia hata kabla ya kuonja. Mke wangu alijifunza kutazama pembeni. Hata katika kupanda nilizidisha. Desturi inataka mashimo machache tu, mkubwa awe ametangulia. Mimi nilitunga yangu: hakuna atakayepanda kabla sijamaliza shamba langu lote. Hakuna aliyenipinga.

Mdogo wangu alijaribu mara moja, miaka miwili kabla ya mvua hizo. Tulikuwa tunakula mchana, watoto wake wakiwepo.

“Jaduong’,” alisema, kama tunavyomwita mtu mzima wa kuheshimiwa, “punguza chumvi. Na hizo kelele za kichwa unazolalamikia, nenda ukapimwe presha.”

“Nilipokuwa nakulisha hukunipima,” nikamjibu. “Toka mezani kwangu.”

Alitoka na tonge la ugali likiwa bado mkononi. Mtoto wake mdogo akamfuata. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniambia neno kuhusu mwili wangu, na mimi nikadhani ni kwa sababu niko mzima.

Sasa mvua zilikuwa zimefika. Nilipanda mistari miwili, jembe likawa zito upande wa kulia, nikarudi nyumbani kupumzika. Kila asubuhi mdogo wangu alikuja kusimama mlangoni.

“Umeamkaje, jaduong’?”

“Vizuri.”

“Na shamba?”

“Kesho.”

Akaenda zake. Mahindi ya majirani yalikuwa yameshachipua. Nilisikia wakimtania kule njiani: “Wewe ni mkulima au ni askari wa mfalme?” Naye akicheka pamoja nao.

Wiki ya tatu dada yetu akaja kutoka Mbita alikoolewa, na mfuko wa dagaa wa omena. Binti aliyeolewa kwingine hana sauti kwenye boma letu, labda ndiyo maana hakuwa na cha kupoteza. Alikaa mbele yangu nikinywa chai, mke wangu na mdogo wetu wakiwepo, akanitazama, akaweka mfuko chini.

“Tabasamu nikuone.”

“Sina cha kuchekea.”

“Basi nikuchekeshe. Mfalme mzima anajimwagia chai kifuani kama mtoto, na raia wake wanatazama ukuta!”

Hakuna aliyecheka. Nikashika shati langu, lilikuwa limelowa. Sikuwa nimehisi. Dada akawageukia mke wangu na mdogo wetu.

“Mdomo huu umeenda upande tangu lini?”

“Jumatatu,” mdogo wangu akasema, macho chini.

“Leo ni Alhamisi! Na umenyamaza?”

“Aliniondoa mezani, dada.”

Walituma mtu aite pikipiki. Wakati tunaisubiri, dada alinikokota hadi shamba la mdogo wetu ili nilifungue, naye apande. Yeye akachimba shimo, mimi nikadondosha punje kwa mkono wa kushoto. Mashimo manne. Kazi hiyo haikumaliza dakika tano, na ningeweza kuifanya siku ya kwanza ya mvua.

Hospitali ya Migori walisema ni kiharusi kidogo, na kwamba presha ilikuwa imepanda kwa miaka. Muuguzi akaniuliza kama nyumbani hakuna aliyegundua.

“Waligundua wote,” nikasema.

Mahindi ya mdogo wangu yalichipua, mvua ikakatika, yakakauka kabla ya kubeba. Mwaka ule watoto wake walikula kutoka ghala langu, akiba ya mavuno yaliyopita, na kila mara alibisha hodi kwanza, akasimama hadi nimwambie akae.

Siku hizi nameza dawa. Machi ikifika nachimba mashimo yangu mapema na kumwita aanze. Nimemwambia mara nyingi, mbele ya watoto wake, kwamba nilikosea, na kwamba akiona kitu aseme. Hujibu, “Ndiyo, jaduong’.”

Jumapili iliyopita tulikula pamoja. Niliomba kile kibakuli cha zamani, nikachota chumvi kijiko kizima, nikakishikilia juu ya samaki wangu huku nikimtazama. Alikiona kijiko. Akainamisha kichwa, akaendelea kula. Nikangoja aseme, kijiko kikiwa bado juu ya samaki, naye bado alikuwa anakula.