Ndoana ya Tabu

Nta ya nyuki ikiyeyuka kwenye kifuniko cha kopo, juu ya jiko la mafuta ya taa: hiyo ndiyo harufu ya Jumamosi za kwetu Pugu, miaka ya Ujamaa. Baba alikuwa karani, lakini alikulia kandoni mwa Ziwa Nyasa, na huko alijifunza kufunga ndoana za manyoya. Hakuhitaji minyoo. Alizungushia ndoana nyoya jekundu la jogoo, uzi wa cherehani na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akapaka nta. Ikipita majini, kambale huiona kama mdudu aliyejipamba, huifuata.

Mwaka ule alihamia kwetu Tabu, binti wa shangazi, aje asome, kwa sababu kijiji kipya walichohamishiwa wazazi wake hakikuwa na shule bado. Nilimzidi mwaka mmoja. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, mimi niliugua. Ndoana zangu zilikuwa nene kama mafagio. Yeye alifunga moja ya nyekundu, kijani na manjano, na baba akaita majirani waje kuiona. Mimi hakuwahi kuniitia mtu.

Asubuhi ya kwenda bwawani, Tabu alipokwenda kuchota maji, nilichukua wembe nikaukata mshipi wake hadi nusu ya unene, pale ulipofungwa kwenye ndoana, nikaficha mkato kwa nta.

Kambale mkubwa aliimeza ndoana yake mara ya kwanza tu. Ufito ulipinda, Tabu akacheka, kisha mshipi ukakatika, samaki akaondoka na rangi zote. Baba aliuliza nani alifunga fundo lile. Nilingoja Tabu anigeukie. Hakugeuka.

"Ni mie, mjomba," alisema. "Nilifunga vibaya."

Baba akamwambia, kwa upole, kwamba fundo ndiyo kazi yenyewe, rangi ni pambo. Wiki iliyofuata alinifundisha mimi peke yangu. Tabu hakushika nyoya tena.

Bwawa lile sasa limezungukwa na nyumba, na wajukuu wangu hununua chambo cha plastiki kilichokwisha kupakwa rangi. Mwaka jana nilikwenda Sinza, Tabu anakoshona sare za shule, nikamweleza yote. Hakusimamisha cherehani.

"Nilikuona, dada," alisema. "Ila nilikuwa nakaa kwenu."

Kwangu siku hizi wanaishi watoto wawili wa ndugu zangu. Mmoja wao akikiri kosa upesi mno, simwamini. Namkalisha karibu, nauliza tena.