Gaspari Alivyoshika Taa

Juzi vijana wa filamu walibisha kwangu, mtaani Rwezamenyo, wakataka kupiga picha tunavyoishi ndani. Niliwafungia mlango.

Nilipokuwa mtoto walikuja wengine. Jirani yetu Gaspari, fundi baiskeli, akinuka pombe ya ndizi, alijitolea kuwashikia taa. Alimulika chini ya vitanda, akamulika mpaka darini, vumbi likanuka kuungua.

"Weye Gaspari, hata panya wangu unawataka kwenye sinema?" mama alicheka.

"Wacha waone nyumba yote, Mama Roza!"

Nilidhani anatupenda.

Mauaji ya kimbari yalipoanza, mama alijificha darini, mimi nje kwenye mihogo. Gaspari aliingia na wenzake wenye mapanga. Hakutafuta popote. Nilimsikia tu akisema, "Mama Roza, teremka."