Aliyepakua ni Nthambi

Mara ya kwanza Nalianya kuanguka ilikuwa mwezi wa pili mwaka wa 2003, kule Kimuka, akiwa amesimama juani kushika fimbo ya kupimia ardhi. Alikuwa msaidizi wa mpima ardhi, mtu wa Bungoma aliyehamia Kitengela mwaka wa 1996, wakati mashamba yalipoanza kukatwa vipande na kazi ya kupanda bikoni, zile nguzo za mipaka, haikuwa na mwisho. Siku hiyo uso ulimwaka moto, shingo ikamtoka mabaka kama mtu aliyepita kwenye upupu, tumbo likamkata, moyo ukaenda mbio, kisha giza. Alipozinduka alijikuta amelazwa kivulini kando ya gari. Wenzake walisema ni jua.

Naye alikubali ni jua, mpaka mwezi wa saba yalipomkuta nyumbani, jioni ya baridi, dakika chache baada ya kula. Mkewe Nthambi ndiye aliyepiga kelele majirani wakaja. Nthambi alikuwa Mkamba, wazazi wake wakulima wa Entarara, karibu na Loitokitok. Walikuwa wameoana mwaka wa 1998 na walikuwa na mtoto mmoja, Morgan.

Wakazunguka hospitali. Daktari mmoja alisema malaria, mwingine taifodi, wa tatu akasema vidonda vya tumbo, wa nne akamwambia apunguze mawazo. Vipimo vilirudi safi, na kila kilichorudi safi kilimtia Nalianya hofu zaidi. Kama si ugonjwa, ni nini?

Dada yake mkubwa, Jentrix, aliyeuza nguo za mitumba hapo Kitengela, alikuja kumwona.

"Chakula unapakuliwa na nani?" aliuliza, sauti chini, Nthambi akiwa nje anaanua nguo.

"Na mama Morgan."

"Na watu wa kwao, unawajua vizuri?" Jentrix alikunja kitambaa chake polepole. "Mimi sijasema kitu. Fungua tu macho."

Kesho yake Nalianya alinunua daftari. Akawa anaandika tarehe, saa, alichokula, kilichompata baadaye, aliyepika, na aliyepakua. Alikuwa na mwandiko mzuri wa mtu wa ramani, na kwenye safu ya mwisho jina lilikuwa lilelile karibu kila ukurasa: Nthambi. Hakujiuliza nani mwingine angepakua katika nyumba ya mume, mke na mtoto mdogo.

Alianza kubadilisha sahani mezani.

"Baba Morgan, mbona umechukua yangu?"

"Hii iko na nyama kubwa."

"Hiyo yako ndio ilikuwa na nyama kubwa," Nthambi alisema, akamtazama sana.

Siku moja alipata unga mweupe umefungwa kwenye karatasi, nyuma ya mkebe wa chumvi. Akaubeba mfukoni hadi kwa muuza dawa Kajiado. Yule kijana aliunusa, akacheka. "Hii ni magadi, mzee. Ya kulainisha mboga." Nalianya alirudi nyumbani akaandika hata hilo, na mbele yake akaweka alama ya kuuliza.

Mwaka wa 2007 Nthambi alichoka. Alimkuta mumewe akimpa kuku wa jirani kijiko cha uji wake, akisubiri kuona kama kuku ataanguka. Alifunga nguo, akamshika Morgan mkono, akarudi Entarara kwa wazazi.

Nalianya akahamia meza ya Jentrix. Wiki tano zikapita bila kuanguka, na Jentrix akawa anatembea kama aliyeshinda kesi. Kisha, siku ya joto kali, goti likimuuma, Nalianya alimeza dawa ya maumivu, akala samaki wa kukaushwa aliopika dada yake, akaanguka palepale sebuleni.

Alipopata fahamu, neno la kwanza lilikuwa, "Hiyo samaki ulitoa wapi?"

Jentrix alielewa mara moja. "Unaniuliza mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni?" Alimfungulia mlango atoke. Hawakusemezana kwa miezi mingi.

Sasa Nalianya alipika mwenyewe. Aliosha sufuria mara mbili, akafunga unga kwenye sanduku lenye kufuli. Wiki ya tatu alikula maharagwe aliyoyapika siku tatu nyuma, mabaka yakatoka, akajikokota hadi kwa jirani. Kwenye daftari, safu ya mwisho, aliandika jina lake mwenyewe. Akalitazama kwa muda mrefu. Hakuwa na mtu mwingine wa kumshuku, na hilo lilimwogopesha kuliko yote yaliyotangulia.

Mwaka wa 2009 alitumwa kwa daktari mmoja wa Nairobi, mama aliyeitwa Wahu. Daktari huyu hakukimbilia vipimo. Aliuliza kwanza, "Unapoanguka, nani huwa anakuona? Nahitaji mtu aliyeshuhudia."

Aliyeona mara nyingi alikuwa mmoja tu. Nalianya alipiga simu Entarara.

"Nitakuja," Nthambi alisema. "Nakuja kwa sababu ya daktari, si yako."

Mbele ya daktari, Nthambi alieleza yote bila kupunguza: uso kuwa mwekundu, midomo kuvimba, kuhara, kisha kuzirai. Daktari akauliza kama kuna kumbukumbu yoyote. Nalianya alisita, kisha akatoa daftari. Nthambi ndiye aliyelipokea.

Alisoma kurasa tatu. "Nthambi, Nthambi, Nthambi," alisema mwishowe. "Kumbe ulikuwa unaniandika."

"Mama Morgan, mimi—"

"Nyamaza kwanza." Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini kidole kilikuwa kikishuka kwenye safu. "Daktari, angalia. Hapa alikunywa maziwa lala, yale ya kuganda, huko kazini. Hapa samaki wa kukauka. Hapa pombe ya harusi. Hapa mimi nilikuwa kwetu wiki nzima, alikuwa juani tu. Na hii dawa ya maumivu imeandikwa mara nne."

Daktari Wahu alieleza. Mwilini kuna seli za ulinzi, huitwa seli za mast, zinazohifadhi kemikali za kupigana na adui. Za Nalianya zilikuwa zikifungua ghala bila adui, zikichokozwa na joto, vyakula vilivyolala au kuchachuka, na dawa fulani. Damu ingechukuliwa saa chache baada ya kuanguka tena, ipelekwe maabara ya nje ya nchi. Jina la ugonjwa, alisema, lilikuwa jipya hata kwake, na hakuahidi kupona. Aliahidi kupungua.

Walipotoka, Nalianya aliomba msamaha pale ngazini, watu wakipita. Nthambi alimsikiliza hadi mwisho. "Miaka minne ulikuwa unalala kando yangu ukiniogopa," alisema. "Hiyo siwezi sahau leo." Akarudi Entarara siku hiyohiyo.

Alipoanguka tena damu ikachukuliwa, na majibu yalithibitisha maneno ya daktari. Nalianya alimeza vidonge vya mzio asubuhi na jioni, na kile cha asidi ya tumbo; akaacha vile vya maumivu; akala chakula cha siku ileile; akaomba kazi ya kuchora ramani ofisini Kajiado badala ya jua. Jentrix alipoelezwa alisema kwamba yeye hakuwahi kumtaja mtu.

Nthambi alirudi baada ya miezi saba, na masharti: asiangaliwe mikono akipika, na mume naye apike siku tatu kwa wiki. Mwezi wa kumi na mbili, kwenye harusi ya mdogo wake Nthambi kule Entarara, mabaka yalimpanda Nalianya shingoni kabla hata ya kula. Nthambi ndiye aliyetoa mkobani sindano ya dharura waliyopewa na daktari, akamchoma pajani mbele ya wakwe wote, akamketisha, akamshika kiganja akihesabu mapigo.

"Unaniona?" alimwuliza.

"Nakuona."

"Basi usifunge macho. Gari linakuja."