Upande wa Pili wa Medali

Shaba ikishikwa na mkono wenye jasho hutoa harufu kama ya damu, na hiyo ndiyo harufu ya kiangazi kimoja cha utoto wangu kule Magarini. Nyanya yetu, ambaye kwa Kigiriama tulimwita Hawe, alichimbua kwa jembe katika shamba la mihogo kipande cha shaba cha duara, kipana kuliko sarafu yoyote tuliyoijua. Upande mmoja ulikuwa na uso wa mwanamume mwenye nywele za mawimbi, mdomo ameufumba kwa nguvu kama mtu anayezuia pumzi. Herufi zilizomzunguka zilikuwa zimelika. Upande wa pili ulifunikwa na ukoko wa kijani, mgumu kama jiwe, usiobanduka hata kwa kisu. Mdogo wangu Kadzo, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alikipenda kipande hicho, akawa analala nacho kifuani.

Haikupita muda homa ikampanda. Mchana mmoja wa jua kali, kuku wote wako kimya chini ya ghala, Kadzo alianza kusema huku amefumba macho. Alisema kuna meli zinaungua. Alisema ile kubwa imelala ubavu, na watu wako majini wameng'ang'ania mti mrefu. Mtoto huyu alikuwa hajawahi kuiona bahari. Hawe alimwinamia, akauliza kwa upole kama anayemkaribisha mtu aliyebisha hodi, "Wewe ni nani, baba? Tupe jina tukulishe." Kadzo akajibu, "Yupi? Tumejaa." Alijibu kwa sauti yake ileile ya kitoto, na hilo lilinitisha kuliko kama sauti ingebadilika.

Kwetu, marehemu anayesumbua hulishwa. Humwagiwa unga na tembo la mnazi chini, naye huitwa kwa jina lake, kwa maana chakula kisichotajiwa mwenyewe huliwa na yeyote anayepita. Hawe hakuwa na shaka kwamba anayesumbua ni yule mwenye uso, kwani ndiye pekee tuliyemwona. Akanitupia kipande mapajani. "Soma basi. Shuleni huwa unakwenda kuota jua?" Nilikigeuzageuza mpaka macho yakatoka machozi. "Hawe, zimefutika." "Basi ataitwa Mgeni," akasema. "Asipolipenda, atatutajia lake." Tukamlisha Mgeni nyuma ya jiko. Homa ikashuka, lakini tangu siku hiyo Kadzo husikia maji katika sikio la kushoto, na ndani ya maji hayo, watu. Daktari wa masikio alilichungulia akasema ni zima.

Mimi shule niliiacha mapema. Nimepika katika mahoteli ya Watamu, nimeuza mitumba Kisumu Ndogo, nimekaa Lamu, nimekaa Vanga, na kote huko kile kipande kilikuwa mfukoni, nikimwonyesha kila mwenye mvi na miwani. Wengi walisema ni pesa ya Mreno. Mwaka huu maji yalipoanza kumnyima Kadzo usingizi kabisa, nilikipeleka kwa mfua fedha mmoja wa Malindi, naye akakiloweka katika dawa zake mpaka ukoko ukaachia. Zikatokea meli. Kwa siku nyingi nililinganisha picha kwenye simu, meli kwa meli, hadi nikapata picha ya kipande pacha. Haikuwa pesa. Ilikuwa medali ya ukumbusho wa vita vya majini, vilivyopiganwa mbali sana na huku, ya namna iliyouzwa sokoni ili watu washangilie ushindi, kama leo wanavyonunua fulana za timu. Ilifikaje chini ya mihogo yetu, sijui. Ila jina la yule mwenye uso nililipata, na nikaenda nalo Kibarani, anakoishi Kadzo, nikiwa na furaha ya mtu anayepeleka dawa.

"Nimempata, mdogo wangu. Alikuwa mkuu wa meli zilizoshinda." Kadzo hakuutazama uso. Aliigeuza medali, akaweka ukucha juu ya meli iliyolala ubavu, kisha akaushusha mpaka kwenye vichwa vilivyochongwa majini, kila kimoja kidogo kama punje ya mtama, kandokando ya mlingoti uliovunjika. "Huyu hapa ndiye alikuwa akinitazama," akasema. "Huyo wako alifia wapi?" Nikamwambia alifia kitandani kwake, mzee. "Basi si yeye, dada. Hawa wanaitwaje?"

Utotoni tulikuwa na uso, tukakosa jina. Leo nina simu inayonitajia jina la mshindi, majina ya meli zake na idadi ya mizinga yake, na sina jina hata moja la waliokuwa majini. Hakuna aliyeliandika. Hawe, ambaye hakujua kusoma, aliwapa walau moja. Kwa hiyo tulichukua unga na tembo, tukaenda nyuma ya jiko la Kadzo mchana ule ule, tukamwaga chini na kuita, "Mgeni." Tulipomaliza, Kadzo aliinamisha kichwa upande wa sikio lile, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mmoja ameondoka," akasema. "Leta unga mwingine."