Kiti cha Mlangoni

Ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliingia kwa boti kutoka ng'ambo ya ziwa mwaka ule wakimbizi walipojaa mpaka kwenye baraza za watu. Mama akampa nusu ya kitanda changu pale Buzebazeba. Sikuona ubaya. Aliniita yaya, kama huko kwao wanavyomwita kaka mkubwa, nami nikamtafutia kibarua hapohapo nilipokuwa mimi, ufukweni, kushusha magunia ya shirika la msaada.

Shirika lilikuwa na helikopta, na rubani mmoja mzee wa Kizungu alikuwa akimfundisha kijana mzungu mwenzake kuirusha. Wote wawili lugha yao Kifaransa. Kila asubuhi kijana anaishusha mchangani, anainyanyua, anaishusha tena. Mlangoni alikaa mtu wa kutazama nyuma na kusema kama mkia uko salama. Ndugu yangu alikuwa na Kifaransa. Hajamaliza wiki mbili hapa, akapewa kiti kile, na fulana ya rangi ya chungwa, na vile vya kuziba masikio. Mimi niliyeishia darasa la nne nikapewa mawe.

Mawe yenyewe ni hivi. Wanawake walianika dagaa mchangani, na mvua ikitishia waliwafunika kwa maturubai waliyobadilishana na wakimbizi. Mawe hawakuyataka, yanavunja dagaa. Walifukia kingo kwa mchanga, basi. Kwa upepo wa ziwa ilitosha, maana ule unapiga ubavuni. Wa helikopta unashuka kutoka juu, ukigusa chini unatambaa na kuingia uvunguni mwa kila kitu. Kwa hiyo kabla ya kila zoezi nilipita nikipanga mawe kwenye kingo, huku nasemwa.

"Wewe mwenye mawe," mama mmoja aliniambia, "mdogo wako anapaa, wewe unatuvunjia dagaa. Hivi mama zenu ni ndugu kweli?"

"Ndugu kabisa, mama."

"Basi wewe walikuokota."

Nilicheka nao, lakini neno lile nilitembea nalo. Nyumbani nako mama alimwekea yeye samaki mkubwa, mgebuka. "Mwenzio ana kazi ya hatari," akasema.

Asubuhi moja ya manyunyu nikamwambia ndugu yangu, "Nimesikia jina lako limebandikwa kule Mwandiga, wanaandikisha wakimbizi upya. Usipofika leo wanakufuta."

"Na kiti, yaya?"

"Kiti nitakushikia."

Akavua fulana mwenyewe, akanipa, akanishukuru.

Rubani mzee alinitazama, akatazama saa, akaniuliza kitu. Nikajibu kwa maneno mawili niliyoyadaka kwa ndugu yangu, nikaongeza kidole gumba. Akaniashiria nipande. Huyo ndiye mkosaji wa kwanza, nasema bila kumung'unya maneno: alijua lugha yake siijui, akanichukua kwa haraka zake. Wa pili ni msimamizi wa ufukwe. Aliambiwa zaidi ya mara moja awahamishe wenye dagaa, lakini kila Ijumaa alikuwa anapelekewa kopo la sado la dagaa nyumbani kwake, akawaacha.

Tulipanda kimo cha mchikichi. Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilimtafuta kule chini yule mama aliyenicheka, nilitaka anione. Nilikuwa bado namtafuta tulipoanza kushuka, ndipo nikaona turubai moja linavimba. Halikuwa na jiwe hata moja. Mpanga mawe alikuwa amekaa mlangoni, kavaa fulana.

Nikapiga kelele, "Turubai, turubai." Kwa Kifaransa sikujua linaitwaje. Yule kijana akageuka kunitazama mimi. Turubai likanyanyuka na dagaa wake, likanaswa kwenye panga dogo la mkia, helikopta ikazunguka pale ilipo kama mara tatu, ikaangukia ziwani, maji ya magoti tu. Kijana alikufa palepale. Mzee alitolewa anapumua, akasafirishwa, habari zake sikuzisikia tena. Mimi ni mguu huu wa kushoto.

Mkosaji wa tatu nimeshamtaja, sitamrudia.

Lakini kinachoniuma si mguu. Ndugu yangu alifika Mwandiga, jina hakulikuta. Alipokuwa anazungukazunguka akamkuta afisa mmoja mgeni ambaye mkalimani wake hakufika siku hiyo. Akamtafsiria mpaka jioni. Kesho yake wakamchukua kazini, na baadaye wakampeleka huko kwao hao wageni, ughaibuni, na hakurudi. Hupiga simu. "Yaya, usingenituma siku ile, ningekufa mimi," ananiambia, kisha anauliza hali ya mguu. Kama anajua, hajanionyesha. Miaka yote hii namsubiri anitukane, nami nipate cha kumchukia kihalali. Hatukani.

Mwaka jana alituma picha. Yuko ndani ya ndege, amekaa kiti cha dirishani, watoto wake wamemlalia begani. Mama ameitundika ukutani, mbele kabisa ya kigoda ninachokalia kunyoosha mguu. Nimemwomba aihamishe. Anasema ule ukuta mwingine unavuja.