Kata Ndogo Isiyo na Mwenyeji

Naibu wa chifu aliirudisha fomu ya binti yangu upande wangu wa meza, akasema hawezi kumtilia sahihi mtu asiyemjua. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa uchovu wa mtu aliyeyarudia maneno hayo tangu asubuhi, na foleni nyuma yetu ilikuwa bado imezunguka jengo mpaka langoni mwa kanisa jirani. Binti yangu alikuwa ametimiza miaka kumi na minane. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimempa nafasi, na barua yao ilisema waziwazi kwamba siku ya kuripoti kila mwanafunzi aje na kitambulisho, au angalau ile karatasi ya kungojea kitambulisho. Bila sahihi ya naibu wa chifu hupati hata hiyo karatasi. Tulikuwa na wiki tatu.

"Mama, nyumbani kwenu ni wapi?" akaniuliza.

"Hapa Satellite," nikamwambia, nikitaja mtaa wetu wa Nairobi. "Lile jengo la rangi ya maziwa, nyuma ya posho mill ya kusaga unga."

"Hapana, nauliza nyumbani. Home."

Nilijua anachouliza. Watu wakiniona nilivyojifunga mtandio huniuliza hivyo hivyo, kuanzia makarani hadi makanga wa matatu, na jibu wanalolingoja ni pwani. Nikamjibu tena kwamba ni hapa. Akashusha pumzi, akasema nikalete barua ya chifu wa kule ambako wazee wetu wanajulikana. Kisha akamwita aliyefuata.

Sikwenda kuleta barua yoyote, na sababu yake iko nyuma ya kitambulisho changu mwenyewe, pale panapoandikwa kata ndogo ya mtu. Mimi nilizaliwa Nairobi. Marehemu baba alikuwa karani katika duka la vitambaa katikati ya jiji, mtu mpole asiyependa kubishana na serikali, na nilipofikia umri alinipakia kwenye basi tukaenda kwao pwani. Kule tulimkuta naibu wa chifu amekaa barazani anakunywa kahawa. Hakuniuliza hata jina. Alinitazama pua, akasema mimi ni mjukuu wa fulani, akatia sahihi kabla kahawa haijapoa. Kata ndogo yake yote ilikuwa misikiti miwili, kisima, minazi na nyumba ambazo angeweza kuzitaja moja moja amefumba macho. Mtu wa namna hiyo kusema "namjua" si kazi. Lakini tangu siku ile nimetembea na jina la kata ndogo ambayo nimelala humo siku za kuhesabu, na kila askari akikigeuza kile kitambulisho huniuliza nimekuja Nairobi lini. Nina hasira ya miaka mingi na swali hilo. Niliapa binti yangu hatalirithi.

Kata yetu nayo huitwa ndogo, na kwa ardhi ni ndogo kweli. Ukitoka nyumbani kwenda kununua sukuma wiki na ukapitiliza kidogo, umeshaivuka. Ila sisi tumejengwa kwenda juu. Jengo letu peke yake lina ghorofa saba, kila ghorofa ina milango kumi, na nyuma ya kila mlango kuna baba, mama, watoto na shemeji aliyekuja kutafuta kazi. Kile kijiji cha baba ungekihamishia kwetu chote na kisima chake, na bado ghorofa mbili zingebaki na watu wake. Tena hilo ni jengo moja. Yule naibu wa chifu anayo majengo mangapi sijui, na nina hakika yeye pia hajui. Serikali imempa muhuri mmoja na meza moja, sawasawa na yule mzee wa kahawa, halafu ikamwagiza awajue watu.

Kilichoniudhi zaidi nilikiona Jumamosi iliyofuata. Mimi ni mwalimu wa madrasa. Siku za wiki nafundisha watoto msikitini mjini, na Jumamosi nakwenda kwa familia moja yenye nafasi, mbele ya mtaa wa Jamhuri, kwenye mitaa ya ua mrefu na mbwa wawili wawili. Njiani nikapita ofisi ya naibu wa chifu wa huko. Bendera ile ile, kibao kile kile. Chini ya kivuli palikuwa na benchi jipya lisilokaliwa na mtu, na karani alikuwa nje anamwagilia maua kwa kikombe cha chai. Nikasimama nikamtazama mpaka akanisalimia. Kata yake ni pana kuliko yetu mara nyingi, na watu wake wangetosha kwenye ngazi za jengo letu. Na hao watu wake, nijuavyo mimi, hawaendi kwake. Wana madereva wa kuwaendea.

Mama wa wale watoto aliponisikia nikilalamika, akanionea huruma. "Ustadha, si useme tu mnaishi huku kwetu?" akasema. "Zile nyumba za wafanyakazi ziko wazi. Chifu wetu anasaini hata kwa simu."

Alikuwa ananitakia mema, nami nilimshukuru. Lakini binti yangu hakuzaliwa kwenye nyumba ya wafanyakazi ya mtu, na sikutaka aingie serikalini kwa mlango wa jikoni.

Kaka yangu naye akapiga simu kutoka pwani. Habari zilikuwa zimemfikia. "Mlete mwana huku," akasema. "Siku mbili tu ushamaliza. Naibu wa sasa ni mtoto wa yule yule mzee, wote wetu hawa."

"Hajui hata njia ya kwenda kisimani," nikamwambia.

"Nani alomuuliza njia ya kisima? Wataka karatasi ama wataka vita? Hicho ni kiburi, dadangu."

Nikamwambia ndiyo, ni kiburi, na kama angekuwa nacho kidogo angekipata mapema kile kiwanja alichozungushwa nacho na maofisa wa ardhi. Tukakaa siku nne hatusemezani.

Ila aliyeniumiza hakuwa kaka. Alikuwa binti yangu mwenyewe. Tulikuwa tunaanika nguo juu ya paa, wiki moja imekwisha, akaniambia bila kunitazama, "Mum, si twende tu Coast? Mimi nataka tu kuripoti. Si lazima kila kitu iwe fight."

Nikaanika shuka lililobaki. Nafasi ya chuo ilikuwa yake, haikuwa yangu, na nilijua kwamba nikishindwa ni yeye atakayebaki nyumbani huku wenzake wamevaa sare nyeupe. Niliogopa, nakiri. Nikamwomba anipe wiki moja zaidi, na ikipita bila sahihi nitanunua tiketi za basi mimi mwenyewe na sitasema neno. Akakubali kwa kuinua bega.

Jumanne nikafanya nilichodhani ni werevu. Kama chifu anataka watu wanaotujua, basi nitampelekea watu. Nilipita milango ya ghorofa yetu na ya chini yake, na wakajitolea kumi. Alikuwepo mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale kona, mwenyeji wa upande wa magharibi, aliyefunga genge lake asubuhi nzima kwa ajili yetu. Alikuwepo bawabu aliyetoka zamu na hajalala. Alikuwepo fundi viatu, mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye mikono myeusi kwa dawa ya viatu, ambaye alihamia mtaa huo kabla haujawekwa lami. Kila mmoja alibeba kitambulisho chake. Tulipoingia ile ofisi ilijaa, ikabidi karani atoke nje atupishe.

"Hawa wote wanamjua huyu mtoto," nikamwambia naibu wa chifu. "Waulize."

Hakuwauliza. Alikusanya vitambulisho vyao, akavipanga mezani, akaanza kuvigeuza kimoja kimoja na kusoma kwa sauti kata ndogo zilizoandikwa nyuma. Moja ya ziwani. Mbili za milima ya magharibi. Moja ya Ukambani, nyingine ya kando ya Mlima Kenya. Alivimaliza vyote kumi. Cha fundi viatu kilikuwa kimechakaa, ikabidi akisogeze dirishani, nacho kilitoka mbali vile vile.

"Mama, si mimi nimekataa," akasema. "Lakini umeniletea wageni. Hapa hakuna hata mmoja wa hapa."

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewapeleka watu waliotiwa sahihi na wazee wa kahawa wa kwao, kila mtu na wa kwake, kwa sababu ndiyo njia rahisi na sote tulikuwa tumeifuata. Mtaa mzima tumejaa kama kiberiti, na kwenye makaratasi hakuna anayekaa humo. Niliona aibu mbele ya wale majirani, maana niliwatoa makazini ili waitwe wageni. Kisha ile aibu ikageuka.

"Sasa hii kata ni ya nani?" nikamuuliza. "Wewe umepewa muhuri wa kuwahudumia watu gani, kama sisi wote hatupo?"

"Mama, sheria ni lazima nimjue mtu."

"Wewe unakaa wapi, chifu?"

Akajifanya anatafuta kalamu. Karani ndiye aliyejibu kutoka mlangoni, kwamba bosi anakaa Kinoo, nje kabisa ya kata yetu.

"Na chifu wa Kinoo anakujua?"

Fundi viatu akacheka, akajaribu kukifanya kicheko kuwa kikohozi. Nilidhani tutafukuzwa. Binti yangu alinivuta mkono akaninong'oneza, "Mum, tafadhali." Naibu wa chifu alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hanijui," akasema. "Kijana wangu mwaka jana aliambiwa arudi nyumbani kwetu. Nikampeleka. Nimekaa Kinoo miaka kumi na mbili."

Hapo nilimwonea huruma, na huruma ile haikunipunguzia hasira hata kidogo. Aliyatenda kwa mtoto wake yale yale aliyonitendea mimi baba, na bado alikuwa tayari kumtendea wangu. Nikamwambia hivyo hivyo nilivyofikiri. Hakukasirika. Alimgeukia binti yangu, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kwenda pale, akamuuliza, "Wewe, hapa unajua nani?"

Binti yangu ni mtu wa maneno machache. Alianza na mlango unaotazamana na wetu. Akasema pale anakaa mama mwenye sukari, na futari yake haitiwi tende. Kwetu Ramadhani hatuli peke yetu, hupeleka sahani kwa majirani kabla ya magharibi, wawe Waislamu wasiwe, na tangu akiwa na miaka saba mbebaji wa sahani hizo amekuwa yeye. Mimi hukaa jikoni. Sikujua kwamba amefika mbali vile. Aliendelea mlango kwa mlango: nani hali pilipili, nani yuko zamu saa hizo kwa hiyo sahani yake huachwa kwa jirani, mzee gani hasikii na ni lazima mlango wake ubishwe kwa mguu. Akashuka ghorofa ya chini. Akatoka jengo letu akaingia lile la buluu, akasema pale ghorofa ya nne kuna dada mmoja ambaye hurudisha sahani na mahindi ya kuchemsha juu yake, kwa sababu kwao si adabu kurudisha chombo kitupu. Mama wa omena akaitikia kwa kichwa. Binti yangu akahamia jengo la tatu.

Kufikia hapo naibu wa chifu alikuwa amefungua daftari lake na anaandika. Kwanza nilidhani anaandika habari za fomu. Nilipochungulia nikaona anaandika majengo, ghorofa na milango. Mara mbili akamsimamisha, akauliza, "Jengo hilo la buluu, kuna mama mlemavu huko juu? Kuna barua yake hapa tangu Machi, hatukumpata." Binti yangu akamwambia ni ghorofa ya sita, mlango wa mwisho kushoto, ila abishe pole pole kwa sababu hutembea kwa kushika ukuta.

Aliandika hilo pia. Kisha akaivuta fomu yetu. Palipoulizwa amemfahamu mwombaji kwa muda gani, akasita, akaandika kwamba ni tangu kuzaliwa kwake. Palipoulizwa kata ndogo akaandika ya hapa. Binti yangu, ambaye husoma hata maandishi yaliyopinduliwa, akasema, "Lakini chifu, wewe hunijui tangu nizaliwe."

Nilimkanyaga kidole. Naibu wa chifu akagonga muhuri.

"Kama ningepewa watu wachache ninaowaweza," akamwambia, "ningekujua."

Aliitoa fomu kwa mikono miwili, na ilikuwa zamu yangu kusema asante. Nilikusudia kuisema. Badala yake nikamwambia kuna wengine kumi humu ndani, aanze na hao. Nikainuka na fomu yangu. Hakuna jirani hata mmoja aliyenifuata mlangoni. Fundi viatu alikuwa ameshakaa kwenye kiti nilichokiacha, mikono yake myeusi juu ya meza, na kile kitambulisho kilichochakaa alikisukuma pembeni.

"Andika," akamwambia. "Hata mimi ni wa hapa."